Dizeli ya Baba Esta

Injini ya dizeli ilining'inia kwenye tawi la mparachichi ikidondosha oili nyeusi, na Kristian alisimama kando yake akiwaeleza majirani kwamba Vuga haijawahi kuona kitu kama hiki. Hilo hakuna aliyelibisha.

Chini ya injini kilikaa kigari chekundu cha mashindano, cha viti viwili, boneti wazi, kimelala karibu na ardhi kiasi kwamba hata kuku waliweza kuchungulia ndani. Kristian alikuwa dereva wa mabosi Dar es Salaam maisha yake yote ya kazi. Aliwafungulia milango, akawabebea mikoba, akawangoja nje ya mahoteli mpaka miguu ikafa ganzi, na siku zote aliapa kwamba akistaafu atanunua gari lisilo na kiti cha nyuma, asimwendeshe bosi tena maishani mwake. Akalinunua kweli. Lilipanda milima kutoka Mombo likijikaza, na lilipoipita Soni injini yake ya petroli ikanoki. Likamalizia safari juu ya fuso la kabichi, na Kristian ndani yake, ameshika usukani.

Kijiji kilicheka mpaka kikachoka. Aliyecheka zaidi ni shemeji yake Danieli, kaka wa mkewe.

"Shemeji, hilo ni gari au kiatu?" aliuliza mbele ya watu wote baada ya ibada.

Kristian akapandwa na hasira. Akatangaza hapo hapo kwamba Jumapili ya sikukuu ya mavuno atakuja nalo mpaka mlangoni mwa kanisa, na likishindwa, wanunua vyuma chakavu walichukue na banda lake apewe ng'ombe. Mzee wa kanisa akawa shahidi. Tangu siku hiyo Kristian hakupata usingizi wa maana, kwa sababu gari hilo ndilo kitu pekee alichowahi kukitaka kwa ajili yake mwenyewe.

Aliyemshangaza ni mkewe. Yusta, ambaye hulalamika hata mumewe akinunua betri za redio, safari hii hakusema neno baya.

"Achana na petroli, Baba Esta," alisema. "Weka dizeli. Dizeli ina nguvu."

Akauza mbuzi wake, na Danieli huyo huyo, safari hii bila kucheka, akaileta injini kwenye pikapu yake. Ilikuwa imetolewa kwenye gari lililopinduka huko bondeni. Kristian aliguswa sana. Aliona hata jikoni mkewe anajibana kwa ajili yake: mchana makande, usiku makande, ugali umebaki kuhadithiwa.

"Makande tena, Mama Esta?"

"Unga umeisha. Na tangu mashine ya Abubakari ife, kusaga ni mpaka Soni. Vumilia tu. Wewe maliza injini."

Huyu ndiye mke, Kristian aliwaza, akaendelea kutafuna.

Injini ilikuwa kubwa kuliko nafasi yake. Kristian alikata vyuma, akachomelea, akagonga kwa nyundo, akatukana kimoyomoyo kwa kuwa mchungaji anaishi jirani. Boneti ilikataa kufunga, akaikata tundu la kutosha sufuria. Gari likainama mbele kama ng'ombe anayekunywa maji. Wapita njia walisimama, wakatikisa vichwa, wakaenda zao kulicheka vizuri huko mbele.

Ilipofika zamu ya ekzosi alitaka kuweka silensa, gari lipate heshima. Yusta, aliyekuwa amemletea chai, akamzuia.

"Usiweke. Simamisha bomba juu, liache wazi. Watu wasikie."

"Watu gani?"

"Kijiji kizima. Na wa ng'ambo ya bonde pia."

Kristian akainamia kikombe chake ili mkewe asione macho yake. Miaka yote ya ndoa, na hakujua kwamba mwanamke huyu anamwonea fahari kiasi hicho.

Jumamosi, siku moja kabla ya sikukuu, akazungusha ufunguo. Injini ikakohoa, ikatema moshi mweusi, ikanyamaza. Akaomba, akazungusha tena. Safari hii ikashika. Duku-duku-duku, bati la banda likatetemeka, kuku wakatawanyika, na mlio ukavuka bonde mpaka mlima wa pili.

"Imewaka," sauti ilisema nyuma ya ua la masale. Nyumba ya jirani ikaipokea habari, ikaipeleka ya tatu.

Kristian aliiacha ingurume, akaingia ndani kuvaa koti lake la udereva na miwani myeusi. Hakuwa na haraka. Alichana nywele mbele ya kioo huku akipanga maneno ya kumwambia Danieli. Angekuwa mnyenyekevu, ila si sana.

Alipotoka, uwanja ulikuwa umejaa. Walikuwepo akina mama wa mtaa mzima, na hata mke wa mzee wa kanisa. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wamejipanga mstari mmoja kutoka kwenye gari mpaka nje ya lango, kimya, kwa adabu ambayo Kristian hakuwahi kuonyeshwa na mtu yeyote tangu azaliwe. Machozi yakamlenga. Akavua miwani apate kuwaona vizuri.

Danieli alikuwa ameshalipiga jeki gari kwa nyuma na kuvua gurudumu, na Yusta alikuwa akimshikia mkanda mrefu wa mpira, ule wa mashine ya Abubakari. Shamsa, wa kwanza kwenye mstari, akatua ndoo yake ya mahindi miguuni pa Kristian.

"Shikamoo, Baba Esta," alisema. "Unakoboa pia, au unasaga tu?"