Mlio wa Ringi

Tangu lori la mumewe lipinduke na kumuua, Atupele hakukanyaga kanisani wala hakusali. Siku alipopeleka mabaki ya lori kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, alimkuta mwanamume mgeni akigonga ringi kuukuu za magurudumu kwa spana, moja moja, akizitegea sikio.

"Unatafuta nini, kaka?"

"Kengele, dada. Kanisa letu halijapata hata ukuta, lakini watu lazima waitwe."

Akagonga ringi ya Atupele. Ikalia kwa muda mrefu.

"Hii ndiyo. Ilikuwa ya nani?"

"Ya marehemu mume wangu."

Mgeni akashusha spana. Atupele akaichukua, akagonga mwenyewe, akafumba macho mpaka mlio ukaisha.

"Mgongaji mmeshapata?" akauliza, spana ikiwa bado mkononi.