Mashine Isiyoacha Pengo

Mashine iliruka bila kudondosha mbegu. Mwenye shamba aliisikia kwa masikio yake mawili, akakohoa kwa nguvu ili shemeji yake asisikie, ingawa kwa jinsi trekta lilivyonguruma, dereva huyo asingesikia hata radi.

Miaka yote aliendesha mwenyewe. Leo, ili haki itendeke, shemeji alishika usukani, naye akatembea nyuma ya mashine ya kupandia aliyoachiwa na marehemu baba yake. Tak, tak, tak, mbegu za mahindi zilidondoka kwenye mistari minne. Kisha mstari mmoja ukawa kimya. Halafu tak tena. Lo!

Shemeji huyu, kaka wa mkewe, aliuza mashine mpya. Walikubaliana nusu ya shamba ipandwe na mpya, nusu na ya zamani. Mahindi yakiota, mashine iliyoacha mapengo imeshindwa. Ya zamani ikishindwa, inakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

"Umewahi kuona pengo shambani kwangu?" alikuwa amemtambia mbele ya majirani.

"Sijawahi," shemeji alikiri. "Ndiyo maana nashangaa."

Jioni mkewe alikuwa jikoni akijinyoosha mgongo. Ulimsumbua kila msimu wa kupanda, sijui kwa nini, maana kupanda kwenyewe alipanda mume.

"Nunua mpya, baba watoto. Tupumzike."

"Tupumzike! Wewe umechoshwa na nini?"

Mke akaendelea kuosha vikombe.

Alfajiri mwenye shamba alitoka kwa kunyata. Mke hakuwepo kitandani. Atakuwa anakamua ng'ombe, alijisemea. Mfuko wa koti lake ulijaa mbegu. Aliona aibu: mtu mzima na mvi zake, anakwenda kuiba ushindi katika shamba lake mwenyewe! Lakini mashine ya baba iuzwe kwa kilo? Abadan.

Alipofika kwenye mistari, alikuta mtu ameinama, kopo mkononi, anafukua udongo kwa kijiti na kudondosha mbegu.

"Mama watoto!"

Mkewe aliinua kichwa. Akautazama ule mfuko uliotuna, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Haya, wewe shika mstari wa kwanza, huo hauna shida sana," alisema. "Wa nne niachie mimi. Huo ni msumbufu tangu mwaka ulionioa."