Namba Moja Haikuhama

Fundi wa simu aliziweka simu zangu mbili sambamba mezani, ile kuukuu na hii mpya ya mfumo mwingine kabisa, akazifuta vioo kwa pindo la shati.

"Picha zimehama, dada. Majina yamehama. Kisichohama ni namba ulizozifungia zisikupigie. Unayo moja."

Nikacheka. "Mimi? Sijawahi kumfungia mtu."

Akanigeuzia ile kuukuu. Kioo kilikuwa na ufa kwenye kona, na chini ya ufa palikuwa na namba ninayoijua kichwani kuliko yangu mwenyewe. Namba ya mama.

Miaka miwili nilijua mama amenisusa kwa sababu ya ndoa yangu. Nami kwa kiburi sikumpigia. Kwenye msiba wake, mdogo wangu aliniambia mama alinipigia mpaka siku aliyopoteza kauli. Nikamwita mwongo mbele ya waombolezaji, na hatujasemezana tangu hapo.

Simu ile ilikuwa zawadi ya harusi kutoka kwa mume wangu. Aliiwasha yeye, akaipanga yeye, akanikabidhi ikiwa tayari.

Nikamtazama. Alikuwa amesimama kando yangu, mtoto wetu begani, akimpigapiga mgongo ili acheue.

"Niifungie tena huku kwenye mpya, dada, au niiache wazi?" fundi akauliza.

Mume wangu akanijibia, mkono wake ukiendelea taratibu mgongoni mwa mtoto.

"Iache wazi. Sasa atapiga nani?"