Imeunganishwa Siku Tisini na Nne

Kosa la programu lilikuwa dogo. Kontrola, ile mashine inayoongoza antena zote za wifi za hospitali, haikusahau simu zilizokwisha kuondoka. Orodha ilijaa, na kompyuta za laboratwari zikakosa nafasi.

Programu iliyosahihishwa ilikuwa tayari. Malachie, fundi wa mtandao, alibakiza kubonyeza tu.

Ndipo akaiona, kwenye antena ya maternité, wodi ya wazazi: Mama Bénie. Imeunganishwa. Siku 94.

Alijua ni uongo. Simu ya mke wake ilikuwa nyumbani kabatini, imezimwa tangu siku walipouleta mwili wake kutoka barabara ya Beni.

Hakuhisi kitu. Mkono ulipanda wenyewe kichwani, ukashika nywele ndefu, kavu kama majani ya kiangazi. Hakuwa amezinyoa tangu mazishi. Wakwe zake walikwisha kumtumia watu mara tatu: njoo unyolewe, matanga yaishe. Kila mara alijibu kwamba kazi ni nyingi.

Muuguzi aliingia akihema, makaratasi ya vipimo mkononi.

"Papa Bénie, tumechoka kupanda ngazi na haya makaratasi. Kule salle ya wagonjwa kuko mama anangojea damu. Itaisha leo?"

"Inaisha sasa."

Alibonyeza. Taa za antena zilizimika zote, kisha zikawaka moja moja. Orodha ilirudi fupi. Aliisoma mpaka chini, akarudi juu, akaisoma tena.

"Imekubali?" muuguzi aliuliza.

"Imekubali." Hakugeuka. "Dada, uko na wembe?"