Hatua Kumi na Mbili Kutoka Mlango wa Nyuma

Mwendesha mashtaka alivaa miwani, akasafisha koo, akaanza kuchana mistari. Yeye aliita kusoma ushahidi. Sisi tuliokaa viti vya nyuma tulijua ni rap, tena mbovu.

“‘Hatua kumi na mbili kutoka mlango wa nyuma, chini ya mti ndiko nilikolaza chuma.’”

Huo ni mstari wa wimbo wa nne katika albamu ya Odell Tarver, anayejiita Don Dell, mfalme wa magendo wa Memphis Kusini. Albamu yenyewe mfalme aliiuza kwenye buti la gari la bibi yake, baada ya kuomba funguo kwa adabu.

Polisi nao ni wapenzi wa muziki. Walikwenda kwenye nyumba ya bluu alikokulia Odell, siku hizi gofu tupu, wakahesabu hatua kumi na mbili, wakachimba, wakapata mizizi. Waliposogea mbili mbele, sepetu likagonga sanduku. Ndani mlikuwa na bastola na unga wa kumtosha mtu kifungo cha miaka ishirini. Alama za vidole zilizokutwa humo hazikuwa za Odell.

“Ni za wenzake,” alisema mwendesha mashtaka.

Na zile hatua mbili zilizozidi?

“Ushairi huo. Alikuwa anatafuta mizani.”

Wakili Pruitt alibaki na utetezi mmoja tu, kwamba mteja wake ni mwongo wa kutupwa. Alimuuliza mistari anaitoa wapi.

“Inanijia tu nikiwa kitandani,” alijibu Odell. “Usingizi ukianza kunichukua.”

Msanii mkubwa, bila shaka. Baraza la waamuzi, raia kumi na wawili, lilimtazama bila huruma yoyote.

Ndipo akaitwa Bi Earlene, bibi aliyemlea, mkaribishaji wa kanisa kwa miaka thelathini. Alikuja na kofia yake ya Jumapili na zile glavu nyeupe ambazo hakuna mtu mtaani aliyewahi kumwona bila hizo.

“Odell alikuwa mtoto wa namna gani, Bi Earlene?”

“Mwoga.”

Tuliangua kicheko. Hakimu akagonga meza.

“Taa za barabarani zikiwaka, yuko ndani,” aliendelea. “Anakula kunde zake na mkate wa mahindi, anapuliza filimbi ya bendi ya shule, halafu nakaa kitandani kwake namsimulia mpaka alale.”

“Hadithi za Biblia,” Pruitt aliwaeleza waamuzi.

“Hadithi,” alisema Bi Earlene.

“Bibi, basi jamani,” Odell alinong’ona, uso kauficha viganjani.

“Don wa filimbi!” mmoja wetu alipaza sauti. Kwa jinsi mfalme alivyokunjamana, miaka ishirini ilianza kuonekana nafuu.

Mwendesha mashtaka akasimama. Hakuwa anacheka.

“Watoto hukua, mama. Mti upo, mlango upo, sanduku lipo. Aliyetunga wimbo huu ndiye aliyezika sanduku lile, maana hakuna mwingine ambaye angejua.” Akawageukia waamuzi. “Hatua kumi na mbili!”

Waamuzi wakatikisa vichwa kukubali, wote kumi na wawili. Kicheko kilituisha. Odell aliinua uso, na hapakuwa na Don yeyote pale, ila kijana mwoga.

“Bibi,” alisema. “Mimi sikufanya. Haki ya Mungu hata sijui vimetoka wapi.”

Bi Earlene alimtazama kwa mapenzi ambayo hata sisi wenye midomo michafu tuliyaonea haya. Kisha akavua glavu, kidole kimoja kimoja, akazikunja na kuziweka mapajani.

“Ni kumi na nne, mwanangu,” alimwambia mwendesha mashtaka. “Huyu alikuwa anasinzia kila nikifika hapo.”