Weka Ukungu Kidogo

Robi aliipiga ile picha mezani kama mtu anayeua nzi, na kikombe cha uji cha Ombeni kikaruka.

"Umeniweka na nani?"

Ombeni alidhani ni utani. Alikuwa na miezi michache tu hapo Genkuru, katoka Same kufuata dhahabu, si kuichimba, bali kuwapiga picha walioichimba. Alikuwa amekwisha kujifunza kwamba huku watu wakisalimiana mgeni anaweza kukimbilia kuamulia ugomvi. Kwa hiyo akacheka kwanza.

Hakupaswa kucheka.

Picha za kizamani ndizo zilizomlisha. Unampa mbili tatu za simu, anazichanganya kwenye kompyuta, anamwagia rangi ya chai, anaweka mikwaruzo, anaunguza kona, anapitisha ukungu, na wewe wa juzi unaonekana umesimama na babu aliyekufa kabla hujazaliwa. Mchimbaji mmoja alijiweka na ng'ombe ambao mpaka leo hajawanunua.

Ya Robi ilikuwa rahisi kuliko zote. Alileta picha yake, na nyingine ya sherehe fulani kijijini: mzee wa kofia ya pama kakaa kwenye kiti, bibi kasimama nyuma kashika kiti, na majirani kibao. Niweke na aliyenitolea ng'ombe wa mahari, alisema. Tumemzika mwezi wa tatu, na siku nilipoletwa hakuna aliyekuwa na kamera. Wengine wote toa. Hakumnyooshea mtu kidole. Aliona hakuna haja, Genkuru nzima ilijua.

Akaeleza na haraka yake. Jumamosi ukoo unakaa nyumbani kwake. Kuna mtu anadai Robi na wanawe ni wa nyumba yake yeye, kwa hiyo shamba na zizi navyo vihamie kwake. Robi alitaka wakiingia tu waikute picha ukutani, wakumbuke ni nani aliyemleta pale.

Ombeni akawatoa wengine wote.

Sasa alijitetea. Akaonyesha ukungu ulivyopanda kutoka bondeni, Robi alivyosimama kwa heshima kando ya kiti, mzee alivyotulia na pama yake. Hata makunyanzi alimpunguzia kidogo, bure, zawadi ya studio.

Robi hakumtazama mzee. Kidole chake kilikwenda kwenye mgongo wa kiti, mahali ukungu ulipokuwa mzito kuliko kwingine.

"Hapa palikuwa na mkono."

Ombeni akakiri. Ulikuwa wa yule bibi, vidole viligoma kufutika, akavifunika. Akaongeza kwamba kama Robi alimtaka na mama mkwe, angesema mapema, maana mama mkwe haingii kwenye picha ya watu wawili kwa bahati mbaya.

Hapo ndipo Robi alipowaka. Akamwambia macho yake Mungu alimpa ya kutundikia miwani. Akamwambia mtu kama yeye angeweza kumfungulia fisi zizi, kisha akasubiri ashukuriwe. Wauza nyanya mlangoni wakaacha kupunguza bei. Mmoja wao, bila kuulizwa, alisema kijana arudishe kila mtu alipomkuta.

Ombeni naye akapanda. Mteja anasema toa, ukitoa anasema rudisha. Ndiyo maana alipenda kazi za marehemu, alisema, wao hawarudi kulalamika.

"Marehemu unamjua?" Robi akauliza polepole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko kelele.

Kabla hajajibiwa, mlango ukaingia giza. Ilitangulia fimbo, ikafuata kofia ya pama, halafu mzee mwenyewe, yule wa kwenye kiti, akipumua vizuri kabisa.

Ombeni akarudi nyuma mpaka kwenye pazia la maua. Shikamoo yake ilitoka kama ya mtu anayeomba radhi makaburini.

"Marahaba, mura, kijana wangu," alisema Mzee Werema. Alikuwa kwa kinyozi, akasikia Robi anawaka, akaja kuona nani anaungua.

Akaiokota picha. Akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu. Tabasamu likaanza kumtoka taratibu, kama mtu aliyeona jiwe linang'aa kwenye shamba la jirani na jirani hayupo.

"Kazi safi sana. Nichapie na mimi moja, kubwa. Jumamosi nitaipeleka mwenyewe kikaoni, waone huyu na watoto wake ni wa nani."

Ombeni akamtazama mzee, akaitazama picha, akatamani sana kuwa Same.

Robi alimpokonya mzee ile picha na kuichana katikati, kutoka kwenye ukungu mpaka kwenye miguu ya kiti. Nusu yenye pama akamrudishia mwenyewe. Akaitoa simu, akafungua ile picha ya sherehe na kuikuza, akaikuza tena, mpaka mzee akatoka nje ya kioo na kubaki yule bibi peke yake, mkono juu ya kiti.

Akaisukuma simu mpaka chini ya pua ya Ombeni.

"Huyo wa pama alikuja kula nyama tu," alisema. "Kwetu bibi asiyezaa mwana wa kiume naye huoa mke. Aliyenitolea ng'ombe ni huyu bibi."