Fremu ya Daktari Semeni

Daktari Semeni alisimama katikati ya fremu tupu ya biashara aliyotaka kuipanga, akivuta harufu ya saruji kama mwenye njaa anayenusa chungu cha jirani. Gundi ya muhogo aliyoibuni ilikuwa imezeekea kwenye chupa za maabara ya chuo, ikisifiwa na wageni na kurudishwa kabatini. Kihwelo, mhadhiri mwenzake, alikwisha kufungua kiwanda chake mlango wa pili.

"Mumeo anasemaje?" aliuliza Mzee Njovu, mwenye jengo, ufunguo mkononi.

"Mzee wangu, Kihwelo ulimuuliza mkewe anasemaje?"

Mzee akacheka hadi akakohoa. "Kihwelo mwanamume, bwana! Wewe una vipindi, una watoto. Fremu yangu itashinda imefungwa."

"Kwani Kihwelo hana vipindi? Watoto wake wanalelewa na nani, paka?"

Hakungoja jibu. Alitoa chaki mkobani, akainama, akachora duara kubwa sakafuni. "Hapa sufuria la kupikia." Akachora tena. "Hapa meza ya kufungashia. Hapa watakaa wasichana nitakaowaajiri." Alichora kwa pupa, gauni likizoa vumbi, mpaka akafika miguuni pa mzee.

"Na hapa nilipo?"

"Hapo kaunta. Wateja watasimama upande ule."

Mzee akatazama chini. Ufunguo hakuutoa. Lakini aliinua mguu mmoja taratibu, akabaki ameuning'iniza hewani, akitafuta pa kukanyaga bila kufuta chaki.